Mkanda

Nandonde aliitoa kwanza ile miksa ya njia nne,
akaiwasha, ikampaka uso zambarau, kisha kijani,
akasema, "Dada, hii ndiyo wanayopigia wakubwa."
Nikamuuliza wakubwa wana mikono mingapi.

Mwaka wa kumi na moja huu niko kwenye cherehani
hapa Masasi, barazani kwa Mzee Chilumba,
nashona sare, nashona vitenge vya kumtolea mwali.
Malipo ya korosho yakiingia
watu huja na vitambaa mpaka sina pa kuweka mguu.
Usiku wa sherehe yenyewe, wenzangu wakicheza,
mimi husimama nyuma ya spika
naangalia mkono wa mpigaji.
Msimu huu nikasema basi.
Laki tisa, ndani ya kopo la vifungo.

Akanionyesha sahani mbili mpya, nyepesi, plastiki ya rangi ya fedha,
bado zina karatasi ya bei.
Nikainua mpira wa juu, nikachungulia.
Mkanda.
Mwembamba, wa njano, umeizunguka mota
kama ule ulionitesa mwaka mzima wa sare za Migongo.
Mkanda naujua. Ukiwa mpya unakutii,
ukila joto la Novemba unalegea:
wewe unakanyaga leo, gurudumu linakwenda kesho.
Nikamwambia sitaki kitu kinachonijibu baada ya kufikiri.

"Basi hizi," akasema, kama aliyekumbushwa deni.
Chini ya meza, zimefunikwa gunia,
sahani mbili nzito, zimechubuka, moja haina mfuniko.
Nikaibeba moja. Mgongo ukasema ndiyo kabla yangu.
Nikaiwasha, nikaweka kiganja, sahani ikasimama.
Nikakiondoa, ikaondoka,
haina kinyongo, haikumbuki kama ilishikwa.
Hakuna mkanda humo. Mota iko chini ya sahani yenyewe
kama moyo ulivyo chini ya titi.

Miksa nikachukua ya njia mbili,
nyeusi, haina taa hata ya kumwonyesha mende njia.
Kile kitelezi cha katikati nikakipeleka kushoto, kulia,
polepole, sikio karibu,
ninavyojaribu zipu kabla ya kuitia kwenye gauni la mtu.
Kikakwaruza upande wa kulia.
Nikataka apunguze elfu thelathini ya huo mkwaruzo.
Akapunguza ishirini, akaapa kwa mama yake.
Kisha akanionyesha uzi mwembamba wa kijani, wa kudharaulika:
"Huu usipoufunga kwenye miksa, utasikia nyuki mpaka asubuhi."
Sindano moja ilikuwa butu.
Nikacheka. Mimi, Nandonde?
Mimi uniuzie sindano butu?

Sikubakiwa na hela ya spika.

Nyumbani nikazipanga juu ya meza ya kukatia,
cherehani nikaisogeza ukutani, ikanitazama.
Santuri ninazo mbili, za marehemu mjomba Kasembe,
moja imepinda kama chapati iliyosahaulika.
Fatu, ninayemfundisha kushona, akashika sikio moja la hedifoni,
mimi jingine, vichwa vimegusana kama wasengenyaji.
Na mkono wangu wa kulia, bila kuambiwa,
ukafanya ya miaka yote:
ukasimamisha gurudumu,
ukalirudisha nyuma nusu mshono,
ukaliachia.

Mtaa haukusikia kitu.
Somoe wa nyumba ya pili akachungulia dirishani,
akatuona tunatikisa vichwa katika ukimya wake,
akauliza kama gauni lake limekwisha.
"Bado pindo," nikamjibu.
Wimbo ukapanda juu ya wimbo, ukateleza, ukaanguka.
Nikaurudisha.